Shajara ya Mradi: Kihisi cha Ncha Moja, Kigeuzi cha Tofauti, na Ziwa Lililopanda Kila Jioni

Jumatatu, 2 Juni 2025

Kihisi cha mgandamizo wa maji kimekaa ndani ya bomba la plastiki la inchi nne, kwenye nguzo ya mwisho ya gati dogo la mbao karibu na mwalo wa Kibirizi, tangu katikati ya Mei, na mpaka leo sijapata siku moja ambayo namba zake naweza kumpa mtu bila kuona haya. Kazi aliyonipa mwenye gati ni rahisi kuieleza. Ziwa Tanganyika hupanda wakati wa mvua na kushuka kiangazi, na katika miaka ya karibuni limepanda kiasi cha kumeza majengo ya ufukweni. Yeye anataka kujua maji yanakwenda wapi kila wiki, ili aamue lini apandishe au ashushe mbao za kupitia wapakuaji wa dagaa. Kwa msimu huu tunatarajia mshuko wa milimeta chache kwa siku, na kifaa kisichoweza kuona milimeta chache hakina faida kwake.

Kihisi chenyewe ni cha kilopaskali 50, sawa na takriban mita 5.1 za maji. Kinalishwa volti 5, nacho hutoa volti 0.5 pasipo maji na volti 4.5 kikifika mwisho wa upeo wake, hivyo milimeta moja ya maji ni milivolti 0.78 hivi. Ni kihisi cha ncha moja: kina waya mmoja wa ishara, na volti ya waya huo haina maana yoyote mpaka useme umeipima ukilinganisha na wapi. Mwezi uliopita nisingeiandika sentensi hiyo, na ndiyo sababu nimefungua shajara hii.

Ishara inaingia moja kwa moja kwenye Arduino Nano, kompyuta ndogo ya kibao kimoja, ndani ya boksi lililoko ufukweni, mita 30 kutoka gatini, kupitia kebo nyembamba ya nyuzi nne: volti 12 za taa, volti 5 za kihisi, graundi (uzi wa kurudishia mkondo, unaohesabiwa kuwa volti sifuri), na ishara. Kigeuzi kilichomo ndani ya Nano, yaani sehemu inayogeuza volti kuwa namba, ni cha biti 10, hatua yake moja ni milivolti 4.9, yaani zaidi ya milimeta 6 za maji. Hilo ningelivumilia kwa muda. Nisiloweza kulivumilia ni kwamba kila jioni, saa moja na dakika chache, ziwa linapanda sentimita 13 kwa mkupuo mmoja, linakaa hapohapo usiku kucha, kisha alfajiri linashuka kiasi kilekile.

Nilidhani ni upepo. Leo nimemkuta mzee anayelinda gati, nikamwamkia, nikamwonyesha mchoro kwenye simu. Aliutazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, mimi ziwa hili nimezaliwa nalo, kule Ujiji. Halijapata kungoja niwashe taa ndipo lipande."

Taa. Sikuwa na la kujibu, nilikwenda kuchukua mita. Taa ya LED ya gatini inatumia miliampea 85, na mkondo huo unarudi ufukweni kupitia uzi uleule wa graundi ambao kihisi kinautegemea. Uzi huo nimeupima leo: ukinzani wake, pamoja na viungo, ni omu 2.5. Zidisha, na utapata volti 0.21. Taa ikiwaka, graundi ya gatini inasimama volti 0.21 juu ya graundi ya boksi, na Nano, ambayo haijui graundi nyingine zaidi ya yake, inaihesabu nyongeza hiyo kuwa ni maji.

Kuna kitu kimoja hakikai sawa. Volti 0.21 ingetakiwa kuonekana kama sentimita 27, si 13. Nimeacha nafasi hapa.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeamua kuachana na kigeuzi cha Nano na kutumia kigeuzi cha tofauti, kile chenye maingizo mawili, chanya na hasi, kinachosoma pengo la volti kati ya maingizo hayo badala ya kulinganisha ingizo moja na graundi yake mwenyewe. Droo yangu ilikuwa na HX711 iliyobaki kwenye mradi wa mizani ya samaki. Ni ya biti 24 na ni ya tofauti, na mafundi wawili waliniambia niunge ishara kwenye ingizo chanya, nifunge ingizo hasi kwenye graundi, nimalize kazi.

Haikufanya kazi, na kwa haki haikupaswa kufanya kazi. HX711 imeundwa kwa ajili ya daraja la mizani, yaani saketi ya rezista nne iliyo ndani ya mizani, ambalo nyaya zake mbili hukaa karibu na nusu ya umeme wake na kutofautiana kwa milivolti chache tu. Ikilishwa volti 5 na kuwekwa ukuzaji wa ishara wa mara 128, upeo wake wote ni milivolti 20 kila upande. Hata kwa ukuzaji wake mdogo kabisa, wa mara 32, upeo ni milivolti 80. Kihisi changu hutembea volti 4 nzima. Zaidi ya hapo, kifaa hiki kinataka maingizo yote mawili yawe angalau volti 1.2 juu ya graundi yake, hivyo ingizo hasi lililofungwa kwenye graundi liko nje ya mipaka hata kabla ya kuuliza habari za ukuzaji. Kwa hiyo neno "tofauti" kwenye karatasi ya kifaa halitoshi. Lazima usome mambo mawili zaidi: pengo kubwa kabisa kinaloweza kulipima, na kiwango cha pamoja ambacho nyaya zote mbili zinatakiwa kukaa ndani yake. Vipo hata vigeuzi vinavyodai kwamba waya mmoja ukipanda, mwenzake ushuke kwa kiasi kilekile, na kwa hivyo kihisi cha ncha moja hakifai bila saketi ya kati.

HX711 imerudi kwenye droo. Nimeagiza kigeuzi kingine, ADS1115, kutoka Dar es Salaam.

Jumatano, 11 Juni

Kifurushi kimefika kwa basi. ADS1115 ni ya biti 16, ina maingizo manne, na inaruhusu kuyapambanisha kwa jozi: la 0 dhidi ya 1, la 0 dhidi ya 3, la 1 dhidi ya 3, na la 2 dhidi ya 3. Upeo wa kupima huchaguliwa kwa programu. Nimeilisha volti 5 zilezile za boksi, na kwa kuwa Nano nayo ni ya volti 5, nyaya za mawasiliano zimeungana bila matata. Jambo moja la kuandika kwa wino mwekundu: uwezo wa kusoma tofauti hasi haumaanishi kwamba waya wowote unaweza kushuka chini ya graundi ya kifaa. Matokeo huwa hasi pale tu ingizo la kwanza linapokuwa chini ya la pili, huku yote mawili yakiwa kati ya graundi na volti 5. Ukishusha ingizo zaidi ya volti 0.3 chini ya graundi, unaweza kukiua kifaa.

Kosa la leo ni la kitoto. Nimeunga ishara kwenye ingizo la 0, na ingizo la 1 nimeliunga kwenye skrubu ya graundi iliyo ndani ya boksi, kwa sababu ilikuwa karibu na kiganja changu. Jioni ziwa likapanda sentimita 13 kama kawaida yake. Kigeuzi kilitoa ishara kasoro graundi ya boksi, jambo ambalo Nano ilikuwa ikilifanya bure tangu Mei.

Ijumaa, 13 Juni

Nimenunua kebo ya mtandao ya nyuzi nane na kuilaza sambamba na ile ya zamani, ili nipate nyuzi za kupimia zisizobeba mkondo wa taa. Uzi mmoja nimeufunga kwenye graundi ya kihisi palepale gatini, ndani ya kijiboksi kinachounganisha waya wa kihisi na taa, na ncha yake ya ufukweni nikaiingiza kwenye ingizo la 1. Ishara nayo nimeihamishia kwenye kebo mpya, kwenye uzi uliosokotwa pamoja na huo, ili kelele yoyote ya umeme inayoukumba mmoja iukumbe na mwenzake na kufutika kwenye kutoa. Uzi wa kupimia hauna mkondo wa kuutaja, hivyo urefu wake haupotezi volti; unaleta habari tu kwamba graundi ya kule imesimama wapi.

Nilingoja jioni nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikila mahindi ya kuchoma. Mzee aliwasha taa saa moja na robo.

Ziwa likashuka sentimita 14.

Mzee alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi nilirudi mtaa wa Mwanga bila kucheka, na nikiwa njiani ndipo nafasi niliyoiacha tarehe 2 ilipojijaza yenyewe. Kihisi hiki hakitoi volti kamili zisizobadilika. Kinatoa sehemu ya umeme kinaolishwa: asilimia 10 ya umeme huo pasipo maji, asilimia 90 kwenye kilele. Taa ikiinua graundi ya gatini kwa volti 0.21, umeme kinaoupata kihisi kati ya nyaya zake mbili unapungua kwa volti hiyohiyo 0.21, yaani asilimia 4 na ushei. Ishara iliyokuwa volti 2.6 inapungua kwa volti 0.11. Hapo awali makosa mawili yalikuwa yakivutana: moja likisukuma juu kwa 0.21, jingine likivuta chini kwa 0.11, na mimi nikiona salio lao la 0.10, ambalo ndilo zile sentimita 13. Nilipoliondoa la kwanza kwa kuunga ingizo hasi mahali pake, la pili likabaki uwanjani peke yake. Hesabu imekubali hadi milimeta. Sijawahi kufurahia kosa namna hii.

Jumanne, 17 Juni

Fundi jirani amenishauri niipe taa uzi wake wa kurudishia mkondo, niachane na hesabu. Ana haki, na nitaufunga uzi huo mwishoni. Ila sitaki kuufunga kabla kipimo hakijathibitika, kwa sababu taa ndiyo kipimo changu cha kipimo. Isitoshe, taa si mwizi pekee. Kihisi chenyewe kinatumia miliampea 10, na skrubu za gatini zinashika kutu kwa unyevu. Kiungo kikifikia omu 10, hiyo ni volti 0.1 inayopotea bila taa yoyote kuwaka, tena polepole, kwa mwendo ambao mtu ataudhania kuwa ni ziwa.

Ninachohitaji, basi, ni kuusoma umeme wa kihisi kama kihisi kinavyouona. Mpango niliouchora leo una rezista mbili sawa ndani ya kijiboksi cha gatini, kati ya volti 5 na graundi ya hukohuko. Katikati yake panapatikana nusu ya umeme wa kihisi, volti 2.5 hivi, na nusu hiyo ndiyo nitakayoifanya ingizo hasi badala ya graundi. Ishara inaingia la 0, nusu inaingia la 1, graundi ya gatini inaingia la 3. Kipimo cha kwanza ni 0 dhidi ya 1: ishara kasoro nusu. Kipimo cha pili ni 1 dhidi ya 3: nusu yenyewe juu ya graundi yake.

Faida ni mbili. Ishara ya kati ya volti 0.5 na 4.5, ukiitoa 2.5, inakuwa kati ya hasi 2.0 na chanya 2.0, nayo inaingia kwenye upeo wa volti 2.048 wa ADS1115 kama mguu kwenye kiatu chake. Ingizo hasi likiwa kwenye graundi, nusu nzima ya namba za kigeuzi, zile za upande wa hasi, hazitumiki kamwe, na unalazimika kuchagua upeo wa volti 6.144 kwa sababu ule wa 4.096 haufiki 4.5. Hatua moja inashuka kutoka mikrovolti 187.5 hadi 62.5. Nakiri kwamba faida hii ni ya karatasini zaidi: hatua ya zamani ilikuwa robo ya milimeta, na mawimbi ya Kibirizi hayaijui robo ya milimeta.

Faida ya pili ndiyo niliyoifuata. Ishara ikigawanywa kwa umeme wa kihisi inapatikana kwa uwiano wa vipimo viwili hivyo: gawanya cha kwanza kwa cha pili, ongeza moja, zidisha kwa sehemu ambayo rezista zimegawia umeme, iliyo karibu na nusu. Umeme wa gatini ukishuka kwa sababu ya taa, kutu au jua kali, vipimo vyote viwili vinashuka kwa kadiri moja na uwiano haubadiliki. Hata kosa la volti ya rejea iliyo ndani ya kigeuzi, ile kinayolinganishia vipimo vyake, linajifuta kwa sehemu kubwa, kwa kuwa linazidisha juu na chini ya mstari.

Jumamosi, 21 Juni

Nimefunga rezista na kujaribu mezani kwanza, kebo yote mita 30 ikiwa imeviringishwa sakafuni, na rezista ya kuzungusha ikishika nafasi ya kihisi.

Kwa kuwa umeme wa boksi unatoka kwenye betri ya sola, nilichagua rezista za kilo-omu 100 ili zisinywe mkondo. Matokeo yalizidi ukweli kwa milimeta 25 hivi, yakiongezeka kidogo kila nilipozungusha kuelekea juu. Nilihangaika nusu siku na viungo vya lehemu kabla ya kukumbuka kwamba ingizo la kigeuzi hiki si ukuta. Ndani yake kuna kapasita ndogo (vihifadhi chaji) zinazojazwa na kumwagwa mfululizo, na kwa chanzo cha umeme hali hiyo ni sawa na rezista ya megaomu chache iliyofungwa kwenye ingizo. Thamani yake hubadilika kwa kadiri ya upeo uliouchagua. Rezista mbili za kilo-omu 100 zinaonekana kwa kigeuzi kama chanzo cha kilo-omu 50, na megaomu chache zinatosha kukishusha kwa asilimia moja hivi. Kibaya zaidi, kipimo cha kwanza ninakichukua kwa upeo wa 2.048 na cha pili kwa 4.096, hivyo nusu yangu ilikuwa na thamani mbili kulingana na nani anaitazama. Mita ya mkononi nayo ilinidanganya, maana ina megaomu 10 zake.

Nimeweka za kilo-omu 1, zote mbili kutoka ukanda mmoja ili joto lizipeleke pamoja, na kapasita ya nanofaradi 100 kati ya ingizo la 0 na la 1. Zinakunywa miliampea 2.5, si kitu mbele ya taa. Milimeta 25 zimetoweka. Sehemu ya mgawanyo nimeipima: 0.4991.

Programu nayo ilinipa dakika kumi za kizunguzungu. Niliposhusha ishara chini ya nusu, kina kikaruka hadi zaidi ya mita 7, kwa sababu nilikuwa nimeihifadhi namba ya biti 16 kama isiyo na alama ya hasi, na hasi 16 ikasomeka 65,520. Kwenye ncha moja dosari hiyo isingejitokeza maisha yote.

Jumanne, 24 Juni

Nimefunga gatini. Nimepaka grisi kwenye skrubu na kuziba kijiboksi kwa silikoni. Hakuna zaidi.

Alhamisi, 26 Juni

Taa bado inarudisha mkondo kwenye uzi wa zamani, kwa makusudi. Nimechukua wastani wa dakika tano kila upande ili mawimbi yatulie. Kabla ya taa: mita 2.611. Mzee amewasha saa moja na dakika kumi na mbili, na safari hii alisimama nyuma yangu akitazama skrini kuliko alivyotazama taa. Baada ya taa: mita 2.610. Nilimwomba azime, nikapata 2.611; akawasha tena, 2.611. Kipimo cha pili, kile cha nusu, kimeshuka kutoka volti 2.47 hadi 2.36 kila taa ilipowaka, hivyo kosa lingalipo kwenye waya kama lilivyokuwa, ila halifiki tena kwenye kina.

Rula iliyopakwa rangi kwenye nguzo inasema 2.61, kwa kadiri jicho linavyoweza kusoma maji yanayocheza.

Jumamosi, 28 Juni

Taa imepata uzi wake wa kurudishia mkondo. Nimeongeza mstari kwenye programu unaoandika kipimo cha nusu pamoja na kina kwenye kadi ya kumbukumbu, ili siku kikianza kushuka mchana, pasipo taa, nijue ni skrubu ya kwenda kuikwangua kutu. Tangu Alhamisi maji yameshuka milimeta 9, na mwenye gati ameniuliza kama nina uhakika. Nimemwambia ashushe ubao wa kwanza Jumatatu.